Baada ya Novemba 13: Kurudisha Kichaka cha Asili Oyugis

Jumatatu ya Novemba 13, 2023, Kenya nzima ilipewa mapumziko ili watu wapande miti. Serikali ililenga miche milioni 100 kwa siku hiyo moja, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mei 10, 2024, nchi ilipokuwa ikiomboleza waliokufa kwa mafuriko, mapumziko kama hayo yakatangazwa tena. Mhadhara huu hauna ugomvi na siku hizo. Unahusu siku iliyofuata, na mwezi uliofuata, na kiangazi cha Januari na Februari, ambacho hakina hotuba wala kamera.

Oyugis ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili. Mji uko kwenye barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Kisii, katika nchi ya Rachuonyo, kaunti ya Homa Bay, na juu ya soko lake na msururu wa bodaboda kinasimama kilima cha Wire. Wire ni msitu wa serikali. Kodera, msitu mwingine wa eneo hilohilo, nao ni wa serikali. Lakini katika nchi yenye watu wengi namna hii, mpaka wa msitu wa serikali huvukwa kila alfajiri. Huvukwa na mama anayetafuta kuni za kupikia uji wa watoto, na kijana mwenye panga anayetaka gunia la makaa, na mbuzi wasiojua habari ya gazeti rasmi la serikali. Mashamba ya mahindi na viazi vitamu yamepanda hadi miguuni mwa kilima. Atakayetaka kurudisha kichaka cha asili hapa hatakirudisha kwenye pori lisilo na wenyewe. Atakirudisha katikati ya maisha ya watu.

Kwa miongo mingi mwananchi alikuwa na njia mbili za kuingia msituni: kwa kibali au kwa kunyemelea. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua njia ya tatu. Iliwaruhusu wakazi kuunda chama cha jamii cha msitu (CFA) na kushiriki usimamizi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ikaurithi utaratibu huo. Leo mtu akitaja CFA barazani kwa chifu, hahitaji kufafanua. Wanachama wake hawana mshahara. Wanaweza kupewa haki fulani, kama kuokota kuni, kukata nyasi, kuweka mizinga na kuchuma dawa, na wanabebeshwa wajibu: kulinda, kuotesha miche, kuzima moto. Ni watu wa kujitolea, ila wana mkataba.

Swali la kwanza linalomkabili mwanachama wa CFA si apande nini. Ni ang'oe nini.

Jibu karibu kila mahali katika vilima vya Nyanza Kusini ni lantana. Maua yake ni mazuri, ya manjano, waridi na chungwa kwenye kichwa kimoja, na uzuri huo ndio ulioisafirisha. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Watu waliusambaza mmea huu duniani kama ua la bustani, na ndege wakamalizia kazi. Matunda yake meusi huliwa na ndege, mbegu zikadondoshwa chini ya kila mti wanapotua. Ng'ombe akila majani yake huumwa ini, na ngozi yake huungua juani. Ukiukata, unachipua. Ukiuchoma, unachipua. Majani na mizizi yake hutoa kemikali zinazodumaza miche ya mimea mingine, na vichaka vyake hufumana hadi mwanga usifike ardhini. Mche wa mti wa asili uliodondoka humo hufa kabla haujafika magotini.

Kikundi kinachopanda juu ya kilima bila kuelewa tabia hii kwa kawaida hufanya jambo moja. Watu 50 wenye mapanga hufyeka ekari nzima kwa asubuhi moja, hupanda miche 500 kwa mistari iliyonyooka, hupiga picha, hushuka. Baada ya mvua mbili lantana imerudi ikiwa nene kuliko awali, kwa sababu sasa ina jua lote, udongo uliochimbuliwa, na mbegu zilizokuwa zimelala zikingoja nafasi hiyo. Miche imesongwa. Mteremko uliobaki uchi umeanza kuchirizika kuelekea mtoni. Kisha husemwa kwamba wenyeji hawajali mazingira. Kwa kweli walijali, ila jasho lao lilimwagwa pasipofaa.

Watu waliolieleza kosa hili kwa ufasaha waliishi mbali sana na Rachuonyo. Dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, walikuwa wakitembea kila siku katika hifadhi ndogo za mtaa wao wa Mosman mnamo miaka ya 1960. Lantana ilikuwa adui wao pia, mmea uleule, mgeni kule kama ulivyo mgeni hapa. Waliona kwamba kila mahali wafanyakazi walipofyeka kwa wingi, magugu yalirudi kwa wingi. Wakaanza kung'oa wenyewe, kidogokidogo, kila wapitapo, na polepole wakapata utaratibu ambao watu wa kujitolea wa Australia wanaufuata hadi leo. Anza mahali ambapo mimea ya asili bado ina nguvu, uelekee pale palipoharibika, wala usianze na pabaya zaidi. Usichimbue udongo zaidi ya inavyolazimu, na ukimaliza rudisha majani makavu mahali pake. Na usifungue eneo jipya mpaka mimea ya asili iwe imejaza lile la kwanza: kasi ya mimea ndiyo inayoamua kasi ya mikono.

Kanuni hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Inamtaka mtu mwenye nguvu, mwenye panga lililonolewa na nia njema, asimame.

Ikiletwa Wire, inamaanisha hivi. Kikundi kinatafuta kwanza mabaki. Katika korongo lenye unyevu ambako fundi wa makaa alichoka kushuka, au kandokando ya mwamba, huwa kumebaki kipande chenye miti miwili mitatu ya siala, mti mmoja mzee wa ober na vichaka vya ochuoga vyenye matunda meusi ambayo watoto wanayajua vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Kazi inaanzia hapo. Lantana iliyo ukingoni mwa kipande hicho inakatwa chini ya shingo ya mzizi kwa jembe, wakati wa mvua ndefu za chwiri udongo ukiwa laini. Shina linageuzwa juu chini na kuning'inizwa juu ya mti ili mizizi isiguse ardhi. Ukanda unaofunguliwa ni wa hatua chache tu. Mwezi unaofuata watu walewale wanarudi kung'oa miche ya lantana kwa vidole ikiwa bado na majani manne. Wanarudi tena wakati wa mvua fupi za opon. Wanarudi mwaka wa pili. Mbegu za lantana zilizolala udongoni ni kama deni la dukani: unalipa kila mwezi, na ukiruka miezi mitatu linakuwa kubwa kuliko ulipoanza.

Utaratibu huu hauwezi kufanywa na umati wa siku moja. Unahitaji watu wanane wanaoijua sehemu yao kwa majina ya miti.

Huko nyuma ya lantana kuna jambo ambalo picha za upandaji miti hulificha: mara nyingi msitu bado upo, chini ya ardhi. Siala uliokatwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya nguzo haufi. Kisiki chake hutoa machipukizi kumi, ishirini, na kila mwaka mbuzi huyala au panga huyapunguza, hivyo mpita njia huona kichaka kifupi kisicho na thamani. Mizizi ya kisiki hicho tayari imefika kwenye maji. Ukichagua machipukizi mawili yaliyonyooka, ukapogoa mengine na kuyalinda na mbuzi kwa misimu michache, unapata mti ambao mche wa kitaluni hauwezi kuufikia.

Mnamo 1983 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa Maradi, Niger, alikuwa amechoka kuona miche yake ikifa ndipo akatambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa visiki vya miti. Wakulima wa Niger wameirudisha miti kwa njia hiyo katika hekta zipatazo milioni 5. Huko Dodoma, Tanzania, wakulima wanaofanya kazi na shirika la LEAD Foundation wanaiita njia hii Kisiki Hai, na kisiki kilichochaguliwa hufungwa kitambaa ili kila apitaye ajue kina mwenyewe.

Mfano wa Shinyanga una uzito zaidi kwa Nyanza Kusini, kwa sababu historia zao zinafanana. Nchi ya Wasukuma ilifyekwa pori kwa makusudi wakati wa ukoloni, kuangamiza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba. Kufikia miaka ya 1980 Rais Julius Nyerere aliitaja Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, nguvu zake za kwanza zilikwenda kwenye vitalu na miche. Mafanikio makubwa yalipatikana ulipogeukia desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho isiguswe hadi kiangazi. Ardhi ikifungwa, mizizi ya zamani iliamka. Eneo la ngitili lililokuwa takribani hekta 600 mwaka 1986 lilipita hekta 300,000 kabla ya miaka ishirini kwisha, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wanavijiji walipata kuni karibu, nyasi za kuezekea, asali na dawa. Waliendelea kwa sababu walipata.

Msikilizaji wa Homa Bay anaweza kuinua mkono hapa na kusema: kichaka hicho mnachotaka kukirudisha ndicho kilichowaua babu zetu. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, na katika semina nyingi za mazingira hupuuzwa. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliwaua mamia ya maelfu ya watu kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda zaidi, na pwani za Nyanza hazikusalimika. Bonde la Lambwe, magharibi mwa Oyugis, lilibaki makao ya mbung'o kwa muda mrefu baada ya hapo. Mlipuko wa malale wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliwafanya watu wa bonde hilo waone ndege zikinyunyizia dawa juu ya vichaka. Mzee aliyezika ndugu wakati huo, akiambiwa leo kwamba kichaka ni kizuri, ana haki ya kuuliza kichaka gani.

Jibu lipo, na lina manufaa. Mbung'o anahitaji kivuli chenye unyevu kilichosongamana karibu na ardhi, na lantana humpa hicho karibu kabisa na nyumba. Huko Busoga, Uganda, mlipuko wa malale ulioanza 1976 ulihusishwa na mashamba yaliyotelekezwa yakamezwa na lantana. Kwa hiyo anayeng'oa lantana kando ya njia ya kisimani anafanya kazi ya afya ya umma. Msitu wa asili uliokomaa, wenye miti mirefu iliyoachana, si kichaka kilichofumana kama kile cha lantana. Jambo hili linafaa kusemwa barazani mwanzoni kabisa, kabla ya habari za tabianchi, kwa sababu ndilo linalowagusa watu waliopo.

Lambwe inafundisha pia kwamba mandhari ya asili si lazima yawe miti. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyoanza kama hifadhi ya wanyama ya Bonde la Lambwe mwaka 1966 na kupandishwa hadhi mwaka 1983, ina ukubwa wa kilomita 120 za mraba, na ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta 15 tu. Korongo hula nyasi ndefu. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayekuja Ruma kutoka kusini mwa Afrika kati ya Aprili na Septemba, huwinda wadudu juu ya nyasi hizohizo. Lori la miche likimwagwa katikati ya uwanda huo kwa nia njema litawapokonya wote wawili chakula. Anayesimamia upandaji Ruma hana budi kuuliza kwanza palikuwa na nini.

Turudi Oyugis, kwenye miti yenyewe, maana hapa ndipo kazi ina utamu.

Siala, ambao majirani Waluhya huuita lusiola, ni mti wa haraka, wa nguzo zinazostahimili mchwa, na maua yake ya manjano huita nyuki. Ober hupanuka kama anavyopenda mwenye ng'ombe: kivuli kipana, mizizi inayorutubisha udongo, gamba la dawa. Orembe huchipua hata kutoka kwenye kigingi kilichochomekwa uani. Mkwaju, chwaa kwa Kiluo, hufaa zaidi kule chini, kuelekea ziwani, kulikokauka. Mvule ni habari nyingine. Mbao zake ndizo zilizoumaliza, na kuuotesha ni mtihani, kwa sababu kuna mdudu mdogo anayefyonza utomvu na kusababisha uvimbe kwenye machipukizi yake hadi mche unadumaa. Ikipandwa mivule mia kwa mistari, mdudu huyo anapata karamu. Ukitawanywa mmoja hapa na mmoja pale chini ya kivuli chepesi cha miti mingine, una nafasi bora ya kupona.

Lakini mti ambao kikundi chochote kinapaswa kuutanguliza ni mkuyu, ng'owo. Hauhitaji kitalu. Tawi nene la urefu wa mtu likikatwa na kuzikwa vizuri mwanzo wa mvua linaweza kushika, na likiwa refu hivyo mbuzi hawafiki majani yake. Mkuyu ukizaa, huzaa mara nyingi kwa mwaka, na kila msimu wa matunda huwa ni mkutano wa njiwa, hondohondo, kwenzi na popo. Kila mgeni hudondosha mbegu alizokula kwingine. Chini ya mkuyu mmoja kwenye mteremko mtupu huota, bila mtu kupanda, miti ambayo hakuna kitalu cha Rachuonyo kinachoiuza. Ndege wanaosambaza lantana ndio hawahawa. Ndiyo maana kikundi hupalilia chini ya mkuyu kwanza: kinaondoa kile kisichotakiwa katika shehena na kuacha kilichobaki.

Oyugis inajulikana kwa wapenda ndege wa dunia kwa sababu ya miti ya namna hii. Mwari wa mgongo wa waridi, ndege mkubwa wa mdomo wenye mfuko, kwa miongo mingi wametaga na kulea vifaranga juu ya miti mirefu ya vijijini karibu na mji, sehemu za Rakewa, wakiruka kwenda ziwani kuvua na kurudi jioni. Hawakukaa ndani ya uzio wowote. Walikaa juu ya vichwa vya watu, katika maboma, na wenyeji wengi waliuhesabu ujio wao kuwa baraka. Mwari wanahitaji mti mkubwa wenye matawi mapana yanayobeba viota vizito. Na kundi la mwari huuchosha mti: matawi huvunjika na kinyesi chao kingi huukausha polepole. Wakati huo ndege wanahitaji mti mwingine mkubwa ulio tayari jirani. Ukikosekana, wanahama. Hakuna sherehe inayoweza kuwapa mti huo baada ya miaka mitano. Anayetaka mwari wabaki lazima aanze kulinda leo mikuyu ambayo bado haina hata kiota kimoja, kwenye mashamba ya watu binafsi, ambako sheria ya misitu ya serikali haina mkono mrefu na ambako bei ya mbao za jeneza au kuni za kuchomea matofali humfikia mwenye boma akiwa na shida ya karo.

Hapo ndipo mkaratusi unapostahili kutetewa kidogo. Umelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki: unakunywa maji mengi, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza uondolewe kando ya vyanzo vya maji. Chemchemi iliyozungukwa na mikaratusi haina wa kuitetea. Hata hivyo, fito na nguzo zinazojenga nyumba za Oyugis, na kuni zinazopika githeri ya shule, lazima zitoke mahali. Mkulima mwenye mikaratusi michache kwenye kona kavu ya shamba lake hapandi Wire usiku. Huko Migori tumbaku ilipokuwa ikikaushwa kwa kuni za miti ya asili, vilima vilibaki vipara. Msitu wa asili unalindwa pia na mti wa kigeni uliopandwa mahali pake. Kikundi kinachohubiri vita dhidi ya kila mkaratusi kitapoteza wanachama, na kitastahili kuwapoteza.

Kuhusu namna ya kuwatendea wanaojitolea, Kenya ina somo lake la zamani. Juni 5, 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi. Mitano ilikufa. Kazi iliyozaa Green Belt Movement ilianza na hasara hiyo, na huenda ndiyo maana vuguvugu hilo likaweka utaratibu wa busara: akina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona, baada ya ukaguzi. Anayelipwa kwa mche uliotoka kitaluni atajaza malori. Anayelipwa kwa uliopona atabeba maji Februari.

Karura, msitu ule wa Nairobi ambako Maathai alishambuliwa Januari 1999 akijaribu kupanda mti kwenye ardhi iliyonyakuliwa, unaonyesha jinsi kazi ilivyo ndefu baada ya ushindi wa kisiasa. Msitu uliokolewa, lakini lantana na mikaratusi ya zamani ilibaki humo, na watu waliogopa kuingia. Friends of Karura, chama cha jamii kilichoundwa mwaka 2009, kiliingia na KFS katika kazi ya uzio, ya kung'oa lantana na ya kurejesha miti ya asili kipande kwa kipande. Karura ina bahati ambayo Wire haina: imezungukwa na mitaa ya wenye uwezo, na maelfu ya watu hulipa kiingilio ili kutembea. Chama cha msitu cha Rachuonyo hakiwezi kutegemea tikiti za wakimbiaji wa Jumamosi. Kitategemea asali, nyasi za kukata na kubeba, miche ya kuuza, na kuni kavu zinazookotwa kwa siku zilizokubaliwa. Wanaopanga bajeti Homa Bay na Nairobi wangetenda haki kama wangelitambua hilo, na sehemu ya fedha za miche wakaielekeza kwenye palizi. Palizi haina utepe wa kukata, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kuizindua, lakini ndiyo inayoamua kama mche utakuwa mti.

Hata namna ya kuhesabu inahitaji kubadilika. Programu ya simu ya JazaMiti, iliyoletwa na serikali kuandikisha miti inayopandwa, humshauri mtumiaji aina zinazofaa eneo lake, na hilo ni jema. Ila kisiki cha siala kilichopogolewa hakikupandwa na mtu yeyote, na ukanda uliosafishwa lantana mara sita hauna mche wa kuuhesabu. Chama cha msitu kinaweza kuwa na daftari lake, la kurasa tatu: visiki vilivyofungwa kitambaa na hali yake kila mwisho wa kiangazi, vipande vilivyofunguliwa na tarehe za kila palizi, na miti mikubwa ya maboma, kwa idhini ya wenyewe, ikiwemo ile yenye viota. Sheria inadai mpango wa usimamizi. Daftari hilo lingeupa mpango huo macho.

Na shule zina nafasi yake. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 akikabidhiwa kisiki kimoja chini ya kilima, akakifunga kitambaa, akachagua machipukizi yake pamoja na mwalimu na mzee wa chama, atakapomaliza Gredi ya 9 atakuwa ameshapita misimu mitano ya mbuzi na moto. Siala wa umri huo, wenye mizizi ya zamani, unaweza kuwa umeshatoa maua. Maganda yake ni marefu na membamba, yananing'inia kama mikia, na yakikauka hupasuka na kuachilia mbegu nyepesi zenye mabawa. Upepo huzichukua siku hiyohiyo, na zinazowekwa kabatini hupoteza uhai upesi. Inabidi maganda yachumwe yanapogeuka rangi kabla hayajapasuka, yaanikwe kivulini juu ya gunia, na mbegu zipandwe kitaluni juma hilohilo, zifunikwe kwa udongo mwembamba tu na matandazo ya nyasi, halafu mtu wa zamu amwagilie asubuhi na jioni.